Vifaa vya kunasulia gari jangwani: uzoefu wangu, kuanzia kipimo cha upepo hadi winchi

Ukiniuliza ni kifaa gani kimenitoa mchangani mara nyingi kuliko vingine vyote, nitakuonyesha kitu kinachoenea kiganjani: kipimo cha upepo wa tairi. Watu hucheka. Wanatarajia nitaje winchi, ile mashine ya mbele ya gari inayovuta kwa kukunja kamba, au vile vibao vya rangi ya chungwa vya kuweka chini ya tairi, vinavyofungwa juu ya keria ili kila mpita njia avione. Hivyo navyo nitavifikia, ila nimezunguka na vifaa hivi muda wa kutosha kujua kwamba umuhimu wao hauendi na bei zao, wala na picha za matangazo.

Gari langu ni fowili ya kawaida yenye chesisi, yaani injini huzungusha magurudumu yote manne, si la mashindano. Likishapakiwa maji, mafuta na mizigo ya kambi linakaribia tani tatu, kwa hiyo ninayosema hapa yapime kwa uzito huo.

Kwenye lami natembelea paundi 35 za upepo (psi). Kabla ya kuingia mchanga laini nashuka hadi 18, na matuta yakiwa malaini mno nafika 15. Wengi hudhani tairi likilegezwa linapanuka. Linapanuka, lakini kidogo tu; kinachoongezeka hasa ni urefu wa sehemu inayokanyaga chini. Uzito ule ule unatandazwa mahali pakubwa zaidi, na gari linapita juu ya mchanga badala ya kuulima. Ndiyo maana gari likinasa sikimbilii kamba. Nateremsha paundi nyingine tatu au nne, nazima mfumo wa kuzuia magurudumu kuteleza, najaribu kurudi nyuma kwa kufuata alama zangu mwenyewe za tairi. Mara nyingi mambo huishia hapo.

Kipimo changu ni cha mshale na kinaishia paundi 60. Vile vya mafundi wa malori, vinavyofika 150 na kuendelea, havifai kazi hii kwa sababu kati ya 12 na 18 mshale wake hausogei hata upana wa ukucha, na hapo hasa ndipo penye kazi. Cha kutolea upepo nilichonacho hufungua pini ya vali na kuishikilia ndani yake, upepo ukatoka kwa kishindo, tairi moja likawa tayari kwa kama dakika moja. Tatizo lake ni siku za vumbi: ile pini hurudi na chembe za mchanga kwenye uzi wake, na usipoipuliza kabla ya kuikaza utasikia vali inavuja usiku kucha. Beba pini za akiba. Ni ndogo mno, na ikikuponyoka mchanga unaimeza papo hapo.

Ukishalegeza tairi, mwendo nao upunguze. Nikiwa na paundi 15 sizidi kilomita 40 kwa saa na sikati kona kwa ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Chini ya 12 ni kwa kujinasua tu, ukishatoka, unajaza.

Upepo uliotoka lazima urudi, na hapa ndipo pesa zangu nyingi zilikokwenda bila majuto. Vijikompresa vya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara nimeviona kwa wenzangu. Fyuzi ya tundu lile kwa kawaida ni ya amperi 10 hadi 20, ilhali kompresa yenye ubavu wa kujaza tairi kubwa hula amperi 30 na zaidi. Basi ama fyuzi itaungua, ama kompresa yenyewe ni dhaifu kiasi cha kukuweka juani dakika kumi na zaidi kwa tairi moja. Yangu ni ya silinda mbili, inabanwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, injini ikinguruma. Tairi la inchi 33 linatoka 16 hadi 35 kwa dakika mbili hivi.

Namba za kwenye boksi zisikudanganye. Zile lita kwa dakika mara nyingi zimepimwa kompresa ikipuliza hewani, bila tairi mbele yake. Ukifika paundi 30 kasi ya kweli ni nyingine kabisa. Soma badala yake inaruhusiwa kufanya kazi dakika ngapi kabla ya kupumzishwa. Yangu ina swichi ya joto, na mchana wa jua kali hujizima ikiwa kwenye tairi la nne. Naiacha ipoe, naendelea. Ninachokilalamikia ni kile kichwa cha shaba kinachoshika vali: kinapata moto wa kuunguza vidole, kwa hiyo bila glavu za ngozi usikiguse. Na chujio lake ni sponji inayojaa vumbi upesi. Ioshe.

Beleshi chukua lenye mpini mrefu. Yale ya kukunja, ya kijeshi, yanafaa kuchimbia choo cha kambi. Gari likikalia tumbo, mchanga unaolishika uko chini ya difu na katikati ya chesisi, na beleshi fupi haliufikii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa, lakini mwenye mpini mrefu huinama kidogo. Mdomo wake uwe mpana, kwani mchanga mkavu hauna haja ya kukatwa, ni wa kuhamishwa tu. Nikichimba naondoa kwanza ule ulio mbele ya magurudumu yote manne, kwa mteremko mrefu, halafu ule wa tumboni. Dakika kumi za jasho hapa hupunguza nguvu itakayohitajika kwenye kamba, na nguvu iliyo kwenye kamba ndiyo inayoumiza watu.

Sasa vibao. Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1920 na 1930 afisa wa jeshi la Uingereza aliyeitwa Ralph Bagnold alizunguka na wenzake Jangwa la Libya kwa magari ya Ford yasiyo na fowili, wakijinasua kwa mabamba ya chuma yenye umbo la mfereji waliyoyaweka chini ya magurudumu. Kulegeza tairi nako kulikuwa sehemu ya ujuzi wao. Sisi tumebadilisha chuma kwa nailoni, nacho kimekuwa chepesi: kibao cha mita moja na kidogo naweza kukibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika beleshi.

Vyangu ni vya nailoni iliyoimarishwa, na tofauti yake na plastiki ya kawaida nimeiona kwa macho. Niliwahi kusimama pembeni ya dereva aliyekanyaga mafuta kwa hasira vibao vya bei ya chini vikiwa chini ya tairi. Harufu ya plastiki inayoungua ilitangulia. Kisha yale meno yakalala upande mmoja, laini, yanang'aa, na tairi likabaki na utando wa rangi. Kibao kikawa slaidi. Nailoni nayo huyeyuka magurudumu yakizunguka bure, ila inakupa nafasi zaidi ya kustahimili ujinga huo. Namna ya kuvitumia ni kuchimba mbele ya gurudumu, kukisukuma kibao mpaka meno yaguse mpira wa tairi, kisha kuondoka taratibu kwa gia nzito. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari, kwa sababu kibao kinaweza kurushwa. Fungia kila kimoja utepe mrefu wa rangi kali. Gari likishapita, kibao huzikwa chini kabisa, na bila utepe utakitafuta kwa beleshi.

Kama unasafiri na gari la pili, na jangwani inapasa uwe nalo, kamba ya nailoni inayonyumbuka ndiyo ya haraka kuliko yote. Yangu ina urefu wa mita 9 na unene wa milimita 22, na inanyooka hadi kama asilimia 30. Gari linalovuta linaondoka polepole, kamba inajinyoosha, inahifadhi nguvu, halafu inalibembeleza lile lililonasa litoke. Hakuna ule mshtuko wa kung'oa bampa. Kamba ya kuvutia gari bovu barabarani, ile ya poliesta, hainyumbuki, na ukiitumia kwa mtindo huu utavunja kitu. Uimara wa kamba inayonyumbuka chagua mara mbili hadi tatu ya uzito kamili wa lile gari jepesi kati ya hayo mawili. Watu hununua nene kupita kiasi wakidhani ndiyo salama. Kumbe kamba nene mno hainyumbuki kwa gari jepesi, na mshtuko ule ule unarudi.

Swali la muhimu zaidi ni unaifunga wapi. Ifunge kwenye ndoano au jicho lililotengenezwa kwa kazi hiyo na kukazwa kwenye chesisi. Lile jicho jembamba lililo chini ya gari jipya ni la kulifunga gari lisicheze likiwa juu ya meli au lori. Na kichwa cha chuma cha mviringo cha kufungia tela usikiguse kabisa. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wameshakufa kwa hilo. Kuna jamaa tuliyemkuta amenasa, alikuwa ameshapitisha kitanzi cha kamba yangu kwenye kichwa hicho, na akanuna nilipokitoa. Tukachimba nusu saa, tukaligeuzia kazi jicho lake la mbele. Alitoka akiwa bado amenuna, na mimi sikuona tatizo.

Shakeli za chuma, zile pingu za umbo la U zenye pini za kuunganishia kamba na gari, nimezipunguza hadi mbili, za tani 4.75, kwa ajili ya sehemu zenye kingo kali. Pini naikaza hadi mwisho kisha nairudisha kidogo, isije ikagoma kufunguka baada ya kuvuta. Kwingine kote natumia shakeli za kamba, zile za nyuzi imara za plastiki ziitwazo Dyneema. Ni nyepesi, na ikikatika haina chuma cha kukurukia. Hazipendi joto wala kusuguliwa, kwa hiyo zisikae karibu na eksozi. Kamba na shakeli hizi hujaa chembe za mchanga ndani ya msuko, na chembe hizo huzikata nyuzi taratibu kutoka ndani. Nikirudi nazilowesha, nazisuuza mpaka maji yatoke safi, nazianika kivulini. Wakati wa kuvuta, watazamaji wote wakae pembeni kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba. Tandika blanketi zito katikati ya kamba.

Jeki ya kawaida ni nzuri ukiipa pa kukalia. Mimi nabeba kipande cha mbao nene cha sentimita 40 kwa 40. Bila hicho jeki inazama na gari linabaki pale pale. Jeki ndefu ya mkono ninayo na sipendi kuitumia. Mpini wake ukiponyoka unarudi usoni, na mchangani gari huweza kuteleza kutoka juu yake. Mfuko wa kujazwa kwa moshi wa eksozi nimeazima kwa rafiki, ukanifurahisha: unapanuka polepole, haukanyagi mahali padogo, gurudumu linanyanyuka ukaweka kibao chini yake. Utandike turubai juu na chini, kingo za chesisi zisiutoboe.

Winchi sina, na sijaona sababu ya kuinunua kwa ajili ya mchanga. Ina kilo 40 hivi, zote mbele, juu ya magurudumu yale yale unayotaka yasizame. Halafu unaifunga wapi? Matuta hayana miti. Utazika tairi la spea kwenda chini karibu mita moja na kuifunga hapo, na ukimaliza kuchimba shimo hilo ungekuwa umeshalitoa gari kwa beleshi na vibao. Kwa matope na mawe nitakubishia kidogo tu.

Kifaa cha dharura cha setilaiti cha masafa ya 406 MHz, cha kuitia waokoaji, hukaa kwenye mfuko wa shati langu, hakikai kwenye gari. Beleshi na vibao viko nje ya buti, kwa kuwa gari likilala ubavu kwenye tuta mlango wa nyuma hugoma kufunguka. Kinachofuata kununuliwa ni mkanda wa kurefushia, usionyumbuka, wa mita 20. Mita 9 za kamba yangu mara nyingi humlazimisha mwokoaji aje kusimama kwenye mchanga ule ule laini ulioninasa mimi.