Nilisema saa mbili asubuhi, gari likaja saa nane usiku

Hii programu ya simu ya kuita kirikuu, kile kigari cha mizigo, kwa sauti na kidole nilikuwa naisifia kwa kila mtu. Leo sijui hata kama inastahili nyota moja.

Nauza dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Mikono yangu kutwa ina shombo na chumvi, kwa hiyo kuongea na simu badala ya kuandika ni msaada mkubwa, sikatai.

Sasa jioni moja hivi karibuni, magunia yameshafungwa, mteja wa Kasulu atanisubiri Mwanga na lori lake. Nikagusa 8:00 kwenye ile saa ya kiooni, nikasema kwa kinywa changu: "Njoo saa mbili asubuhi." Ikaandika "Imepokelewa". Nikaenda kulala.

Saa nane usiku simu inaita. Dereva: "Mama, nipo mwaloni, mzigo uko wapi?"

Ile "mbili" yangu waliisoma Kizungu, na kidole changu wakakitupa! Asubuhi gari hakuna, nauli imeshakatwa, mteja kaondoka.

Kinachoniuma ni kwamba jibu walikuwa nalo. Sikio lilipokosea, kidole kilikuwepo cha kulisahihisha. Na kama waliona vinagongana, si waniulize: "Mama, saa mbili asubuhi au saa nane usiku?" Mwanangu anasoma kompyuta. Ananiambia mwaka 1980, kule MIT Marekani, Richard Bolt alishaonyesha mashine unayoiambia "weka ile pale" huku umenyoosha mkono, nayo inachukua neno na mkono kwa pamoja. 1980 hiyo!

Nikawapigia. Binti akanijibu: "Mama, jitahidi kuongea vizuri na simu." Niongee vizuri? Mimi niliyezaliwa Ujiji nifundishwe kusema saa mbili?

Dereva wao ni muungwana, hilo niseme. Kesho yake alirudi mwenyewe akanibebea kwa nusu bei, na kwa ajili yake nilitaka kuwapa nyota tatu. Lakini nauli yangu mpaka leo hawajarudisha. Jana nikajaribu tena: nikagusa 9:00, nikasema saa tatu asubuhi. Ikaandika "Imepokelewa", saa ngapi haisemi. Nikampigia yule dereva moja kwa moja.