"Ulinunua Nyasi, Hukununua Maneno"

Maneno hayo hapo juu sikuyatunga. Niliambiwa kwa simu, nimesimama uani kwangu na mpira wa maji mkononi, mbele ya nyasi zilizogeuka rangi ya makuti ya mwaka juzi. Aliyeniambia ni mwenye nasari moja ya miche na nyasi hapa Malindi, kando ya barabara. Jina lake silitaji, maana mimi mamangu alinifunza adabu. Nimempa nyota moja. Jana usiku nilikuwa nimempa mbili, nikalala, alfajiri nikaamka nikaipunguza.

Bei na ukubwa wa magunia sitawaeleza. Nasari zimejaa tele, nendeni mkaulize wenyewe. Mimi kilichonikaa kooni ni hayo maneno matatu manne.

Nilikuwa naoza binti. Ua wetu, upande wa Silversands, ni mchanga mtupu, ule mweupe wa pwani, ukiumwagia maji yanapotea kana kwamba yameitwa huko chini. Nikasema safari hii wanawake hawatakuja kukesha kwenye hina ya mwanangu wakakalia vumbi. Nataka nyasi za Pemba, zile pana, laini, mtu avue viatu. Nataka na asumini kando ya baraza, bi arusi achumiwe maua ya vikuba nyumbani kwao, yasinunuliwe sokoni kama ya mtu asiye na kwao. Na mlangilangi mmoja pembeni, huo wa wajukuu.

Siku niliyokwenda kununua, yule bwana alikuwa asali. Nilitolewa kiti, nikapewa soda baridi, nikaitwa "mama yangu" mpaka nikaanza kutafuta tumefanana wapi. Kila mche alinisifia. Nyasi akaniambia hazina mfano, ukoka si kitu mbele yake. Kupanda ni juu yake, vijana anao, kenta anayo. Nikatoa malipo ya kutangulia hapo hapo, na roho yangu kunjufu.

Kenta ilifika karibu na adhuhuri. Magunia yalikuwa yamefungwa toka asubuhi, nyasi zimo ndani zinachemka, na ilikuwa kaskazi, msimu ambao hata kunguru wanagombania kivuli. Lakini mimi nilijua nini? Niliona kijani kikitoka guniani nikafurahi. Vijana watatu wakapanda mbio mbio, shina hapa, shina pale, hadi Maghrib wamemaliza ua mzima. Bwana akaja kukusanya salio lake, akautazama ua, akasema, "Mwagilia tu mama, zitashika."

Mwagilia tu! Kiasi gani? Saa ngapi? Kwa maji yapi? Mtu anakupa mtoto mchanga mkononi anakwambia "lisha tu", kisha anapanda kenta anakwenda zake.

Nikamwagilia basi. Maji ya mfereji kwetu huja siku moja na kukosa siku mbili, kwa hiyo nikatumia kisima. Kila jioni nafungulia mpira, nafurikisha ua mpaka miguu inazama, nalala nikijua nimefanya kazi ya maana. Siku ya tano ncha za majani zikaanza kuwa kahawia. Siku ya nane ua wote ulikuwa kama umepitiwa na moto. Asumini nayo, kingo za majani zimeungua kama karatasi iliyowekwa karibu na mshumaa. Na arusi hiyo inakuja, kadi zimeshatoka.

Ndipo nikapiga simu. Wallahi sikupiga kwa ugomvi. Nilisema, "Mwanangu, nyasi zinakufa, njoo uone." Akasema ana wateja wengi. Nikasema basi mtume kijana. Akasema vijana wako kazini. Kisha akaongeza kwamba nyasi zake hazina ila, mimi ndiye sijui kumwagilia. Haya, nimekubali, sijui. Nikamwambia, "Basi nifundishe, niambie namna." Akacheka, yule bwana, kicheko kifupi cha puani, akasema, "Mama, ulinunua nyasi, hukununua maneno." Akakata.

Nilikaa kwenye ngazi za baraza mpaka adhana ikanikuta pale. Mzee wangu akaniuliza nani amefariki.

Fikirini mji tunaoukalia. Mwaka 1498 Vasco da Gama alikuja hapa na merikebu zake, mgeni, Mreno, hajulikani nia yake, na Malindi ikampa rubani wa kumwonyesha njia mpaka India. Nguzo yake ile pale, kutoka kwangu naweza kwenda kwa miguu. Mreno alipewa bahari nzima, mimi niliyelipa taslimu nimenyimwa habari ya namna ya kushika mpira wa maji!

Haya. Sasa inanibidi nieleze sehemu inayoniharibia hasira zangu.

Siku mbili baadaye kijana mmoja katika wale watatu alikuja kuchukua jembe walilosahau. Akaamkia shikamoo, akaona ua, akasimama. Hakuniuliza kitu. Akachutama, akang'oa kishina kimoja, akakipasua kitako kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe. "Bibi, hizi hazijafa," akasema. "Zina kiu na zina chumvi."

Kiu, ilhali nafurikisha kila jioni? Akachukua tone kwenye ncha ya mpira, akaonja, akatema. Akanieleza taratibu, kama anamweleza bibi yake hasa. Nyasi za Pemba si wanyonge wa chumvi, zikishashika zinavumilia upepo wa bahari na maji mabovu mabovu. Lakini kishina hakina mizizi bado, hakiwezi kuyanywa maji ya kisima chetu. Na kila maji yakikauka, chumvi inabaki juu ya udongo, ya leo inaongezwa juu ya ya jana. Asumini ndiyo dhaifu kabisa, chumvi haiitaki hata ikikua. Akasema maji ya mfereji yakija nikinge kila chombo, niufurikishe ua mara moja kuisukuma chumvi chini, kisha niache hayo mafuriko.

Maana kosa la pili lilikuwa hilo. Mchanga haushiki maji. Nikifurikisha jioni, kesho saa sita ile sehemu ya juu inayoshika vishina imeshakuwa unga, na kishina hakina mzizi wa kuyafuata maji chini. Wiki mbili za mwanzo ni kidogo kidogo, asubuhi, adhuhuri na alasiri, udongo wa juu usikauke kamwe. Ukitia kidole kiungo kimoja utoke na unyevu. Halafu unashika jani unalivuta polepole: likija nalo shina, bado, likikugomea, zimeshika. Hapo unageuza mwendo. Mara mbili kwa wiki inatosha, lakini maji mengi, yafike chini kama shibiri, mizizi iyafuate huko. Ukizidi kuzidekeza kwa vijikombe, mizizi inalala juu juu, na kaskazi ijayo inazikuta uchi.

Akauliza pia mbona kuna harufu. Hapa naandika kwa shingo upande. Siku ya sita nilipoona nyasi zinanyauka nilidhani zina njaa, nikaenda kwa jirani mwenye mbuzi, nikaleta samadi mbichi karai tano, nikainyunyiza ua mzima. Hili sikumtajia mwenye nasari kwenye simu. Kijana akaingiza mkono kwenye rundo lililobaki, akaniambia niingize wangu. Lilikuwa na joto! Akasema samadi yenye joto inaunguza, ikae miezi mpaka iwe kama udongo na isinuke, na hata hivyo nyasi changa zisubiri mwezi mmoja au zaidi kabla ya kulishwa chochote. Tukaizoa pamoja. Kuku wakafungiwa. Wajukuu wakapigwa marufuku kukanyaga, na mzee wangu pia, ambaye alikuwa amejifanyia njia ya mkato kwenda getini.

Kisha tukafika kwenye mlangilangi. Majani yote yameinama. Kijana akachimba kando, akafika chini, akanyamaza. Mche ulipandwa na mfuko wake wa nailoni! Haukuvuliwa. Mizizi ilikuwa imezunguka mle ndani kama ukili, haijui pa kutokea. Sikumuuliza ni nani kati yao aliyeupanda. Alikuwa anatazama chini, na masikio yake yalisema.

Akaomba wembe. Akauchana mfuko, akaikata mizizi iliyojizungusha, akaifungua mingine kwa vidole. Akalitanua shimo mara mbili ya donge, kina akakipunguza, kwa sababu mche ulikuwa umezikwa hadi shingoni na shingo ya mti inataka hewa. Akajenga kikuta cha udongo kuuzunguka, kama kisahani, akatandaza makuti makavu ndani yake, lakini akayaacha mbali na shina upana wa kiganja. Yakigusa, shina linaoza. Akaniambia maji niyatie kwenye donge lenyewe, maana mizizi yote imo humo bado, udongo wa pembeni unaweza kuwa tope na mti ukafa kiu. Bogenvilia tu ndizo alizoniambia nisizisumbue sana zikishashika, ukizibembeleza kwa maji zinakupa majani badala ya maua.

Nilimuuliza amejifunza wapi. "Kwa kuua miche mingi, bibi," akasema. Pesa alikataa. Chai na mahamri alikubali, sita.

Siku ya hina ua ulikuwa kijani, si wote. Theluthi moja, upande wa kisima, tuliificha kwa mikeka na wanawake hawakujua, au walijua wakanisitiri. Asumini haikuwahi. Moja ilikufa, nyingine ilikuwa na majani manne. Vikuba vya mwanangu vilinunuliwa sokoni, na nilipokuwa nampachika, sauti iliyokuja masikioni mwangu ilikuwa ya yule bwana. Hilo ndilo lililoipunguza nyota alfajiri.

Lakini nikiwa mkweli, na leo nimesali nikatulia, nyasi zenyewe ni nzuri. Ni nzuri sana. Sasa hivi ukitembea unyayo unazama. Kukata, kijana aliniambia nisubiri mpaka zipite urefu wa kidole, na nisikate zaidi ya theluthi kwa mara moja. Nimemtii, hazijawahi kuwa na kipara. Mlangilangi umenipita kimo. Na yule bwana aliposema sijui kumwagilia, alisema kweli. Sikujua. Na kijana ni wake, naye ndiye anayemlipa mshahara. Kwa hesabu hiyo anastahili nyota tatu, pengine nne.

Halafu naukumbuka ule mfuko wa nailoni. Nakikumbuka kile kicheko cha puani. Ingemgharimu nini kusema pale getini, kabla hajahesabu noti zangu, "maji ya kisima usitumie mwanzoni"? Ni pumzi moja tu! Mtu anauza samaki sokoni anakwambia huyu mchemshe, huyu mkaange, na samaki ameshakufa. Hapana, nyota moja, na hiyo ni ya kijana.

Kona ya getini, mzee alipokuwa akipitapita, bado ni mchanga. Nilikuwa nimeshatenga pesa za magunia mawili na nimemchagua mwanangu wa kiume akanunue, mimi nisionekane. Kijana akapita juzi kwa baiskeli, akacheka. Bibi, nyasi za Pemba zinatambaa, akasema, kata vishina hapo katikati zilipojaa, panda kona, nani anakutoza?

Nimeshakata, nimepanda jioni jua limetulia. Jirani akaviona vishina vilivyobaki akaja kuviomba. Nimempa kikapu kizima, nikamkalisha na chai, nikampa na maneno yake yote, ya chumvi, ya kidole, ya samadi, mpaka chai ikapoa na yeye akaanza kutazama saa. Akiwa mlangoni akaniomba namba ya yule bwana, anataka miche ya bogenvilia.

Nikampa. Miche yake ni mizuri, nani atakataa.