Kununua kondoo Uganda: tazama mkia kabla ya kichwa

Kichwa cheusi na mwili mweupe humfanya kondoo auzike haraka mnadani, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupoteza pesa. Dorper, aina ya kondoo wa nyama, ana kichwa cheusi. Kondoo wa Kisomali naye anacho, tena kwa sababu ya undugu: Dorper alipatikana Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn na kondoo wa asili ya Kisomali, ambaye kule huitwa Blackhead Persian. Rangi inafanana, lakini nyama, ukuaji na bei ni tofauti kabisa. Basi zunguka nyuma kwanza.

Dorper halisi ana mkia mwembamba usio na mafuta, na mara nyingi hukatwa siku chache baada ya kuzaliwa. Wa Kisomali ana mafungu mawili ya mafuta matakoni, na katikati yake kimkia kidogo kilichojipinda. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana mkia mpana wa mafuta unaoning'inia. Wapo wanaoukata mkia wa mafuta ili chotara auzwe kama Dorper halisi. Kishike kisiki kwa vidole: cha Dorper ni chembamba na kigumu; cha mkia wa mafuta hubaki kipana na chenye kubonyea hata baada ya kidonda kupona.

Kisha pitisha mkono mgongoni. Dorper ana nywele zilizochanganyika na sufu fupi inayopukutika yenyewe, ndiyo maana huonekana na mabaka kama aliyenyolewa vibaya. Hiyo si kasoro. Wa Kisomali na wa Kimaasai wana nywele fupi tu. Mwisho tazama mapaja: ya Dorper ni mazito yaliyojaa hadi chini, huku wa Kimaasai akiwa mwembamba, mwenye miguu mirefu.

Mpangilio ufuatao ni wa mfugaji wa nyama mwenye eneo la mvua, kama Luweero, Mukono au Masaka.

Nafasi ya kwanza: majike wekundu wa Kimaasai, au wa kienyeji wenye mkia wa mafuta, pamoja na dume mmoja wa Dorper. Sababu ni minyoo. Kwenye joto na unyevu, mnyoo mfyonza damu wa tumboni, Haemonchus, huzaliana haraka mno. Utafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, katika pwani ya Kenya miaka ya 1990 ulionyesha kwamba wekundu wa Kimaasai humhimili mnyoo huyo kuliko Dorper, na watoto wao hufa kwa uchache. Jike analeta uhimilivu, dume analeta nyama. Dume mmoja mzima anatosha majike 25 hadi 30. Pesa yako nyingi iende kwake, na kabla ya kulipa zishike korodani: ziwe mbili, zinalingana, ngumu kiasi, hazina uvimbe.

Tahadhari moja: Wekundu halisi wamepungua hata Kenya, kwa kuwa wamepandishwa na Dorper bila mpango kwa miaka mingi. Ukiona jike mwekundu mwenye mkia mwembamba, huyo tayari ni chotara.

Nafasi ya pili: chotara wa nusu kwa nusu, aliyezaliwa tayari. Anafaa sana kunenepesha. Kama mbegu hafai, kwa maana watoto wa chotara kwa chotara hutoka kila mmoja na umbo lake. Usilipe bei ya Dorper kwa dume chotara.

Nafasi ya tatu: wa Kisomali. Kwa Karamoja, eneo kavu la kaskazini-mashariki, angekuwa wa kwanza, maana hutembea mbali na mafuta ya matako humvusha kiangazi.

Nafasi ya nne: kundi zima la Dorper halisi. Kwenye malisho mazuri mwanakondoo wake huweza kufika kilo 36 hivi kwa miezi minne, lakini bila ratiba ya dawa ya minyoo na chakula cha ziada utazika wengi.

Wa sufu, Merino na Corriedale, waachie nyanda za baridi.

Kokote unakonunua, iwe Kanawat kule Kotido au kwa jirani, fungua mdomo. Meno mawili makubwa ya mbele maana yake ana mwaka na kidogo, manne, karibu miaka miwili, manane, amekomaa. Yaliyovunjika au kutawanyika, mwache. Vuta chini kope ya jicho: nyekundu ni nzuri, nyeupe ni upungufu wa damu wa minyoo, hasa akiwa na uvimbe laini chini ya taya. Makamasi mazito na vidonda mdomoni pamoja na kuhara ni dalili za sotoka ya mbuzi na kondoo (PPR), ugonjwa ulioripotiwa Karamoja mwaka 2007. Ondoka bila kununua hata mmoja katika kundi hilo.

Kabla ya kupakia, pata kibali cha kusafirisha kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya na uulize kama kuna karantini. Ukifika, watenge wiki tatu. Wapime kwa mizani uwape albendazole: ya asilimia 2.5 ni mililita 3 kwa kila kilo 10, yaani 9 kwa kondoo wa kilo 30. Kukisia uzito huwapa dozi pungufu, na minyoo inayobaki huzoea dawa. Jike mwenye mimba changa, ndani ya mwezi wa kwanza, usimpe hiyo. Mwombe daktari nyingine.

Na chumvi ya madini ya ng'ombe isiwekwe mbele yao. Shaba iliyomo, isiyomdhuru ng'ombe, hujikusanya kwenye ini la kondoo hadi siku moja akojoe mkojo mwekundu na kufa. Dukani taja kondoo, na usome mfuko kabla ya kulipa.