TAHADHARI: Ampli za lampu "za 1965" zinazouzwa hapa Lubumbashi

Wandugu wapiga gitaa na viongozi wa korali wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaokuja huku kununua vyombo: kuna mtu anauza ampli za gitaa za zamani za Fender ya Marekani, zile za lampu (vali za kioo zinazokuza sauti), akidai zimekarabatiwa zote, ndani na nje. Korali yetu ilimpa dola 850 kwa moja ya aina ya Twin Reverb. Ampli aliyotupa imempiga mwimbaji wetu umeme mdomoni, na nusura ituchomee chumba cha mazoezi. Jina lake siliandiki. Naandika anavyofanya, kwa sababu nimeongea na bendi nyingine mbili zilizonunua kwake na zote zilipitishwa njia moja.

Anaanza kwa picha kwenye makundi ya WhatsApp. Ukimpigia anakupa hadithi: ampli ilikuwa ya orkesta ya kampuni ya migodi, wazungu waliiacha, mzee aliyeitunza amefariki na familia inataka pesa haraka. Hapo ndipo anapotupata. Huu ni mji wa gitaa tangu enzi za Mwenda Jean Bosco, na kila mmoja wetu ana baba au mjomba aliyewahi kusimama jukwaani Kamalondo au Kenya, mitaa yetu ya hapa mjini. Tukiona chombo cha zamani tunamwona mzee wetu, na macho yanaacha kukagua.

Mimi nilikwenda na dada mmoja wa korali, yeye ndiye aliyeshika pesa. Tulikuta ampli imeshawashwa, imepata moto, iko uani juani, na jenereta ya jirani inanguruma. "Yaya, iyi masini iko ya 65, iko muzuri sana, shida hakuna," muuzaji akaniambia. Nikapiga dakika tano, sauti kwenye mbili. Ilisikika tamu kweli. Nyuma ilifungwa yote kwa ubao mpya wa plaiwudi na skrubu sita. Nilipomwomba afungue nione lampu, alisema nikifungua garantii ya fundi wake itakufa. Nikakubali. Pesa zile wamama walizichanga mwaka mzima, franka kwa franka, na mimi nilikubali.

Jumapili ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili ukaanza mvumo mzito hata gitaa likiwa halijachomekwa. Ya tatu, mwimbaji aliyekuwa amenishika bega alisogeza mdomo kwenye mikrofoni akapigwa shoti mpaka akaiangusha. Alhamisi yake, mazoezini, tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, na kupitia mwanya wa plaiwudi nikaona wekundu. Nilichomoa waya ukutani, tukambebea ampli mzee mmoja fundi wa redio kule Katuba, mtu aliyeshika lampu tangu ujana wake.

Niliyoyaona siku hiyo ndiyo yaliyonifanya niandike. Mzee hakugusa kitu kwanza. Alishika mita, akapima volti za moja kwa moja kwenye kapasita kubwa, akasubiri, akazimaliza umeme kwa rezista iliyofungwa kwenye waya wenye mpira, akapima tena. Wandugu, ampli hii ndani yake ina volti zaidi ya 400, na kapasita zinaweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa waya. Volti hizo zinaua. Hata wewe uliyezoea kufungua redio za betri, hii usiifungue peke yako.

Ndipo yakaanza kutoka. Kwenye kishikio cha fyuzi hapakuwa na fyuzi: kulikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa na kusukumizwa. Maana yake kitu cha kwanza kinachopaswa kufa ili ampli ipone kilikuwa kimeondolewa, na kilichobaki kuungua ni transfoma. Chini ya sanduku, nyuma ya spika, muuzaji alificha transfoma ndogo ya kushusha 220 kuwa 120, imeandikwa wati 100. Ampli ni ya Marekani, haikutengenezwa kwa umeme wetu. Twin Reverb ya aina hii inatoa wati 85 hadi 100 kwenye spika, na ukiipiga kwa nguvu inavuta ukutani zaidi ya mara mbili ya hizo. Kale katransfoma kalikuwa kanapikwa kila Jumapili. Hata ukiweka transfoma kubwa inayofaa, ile ya ndani ya ampli iliundwa kwa umeme wa hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde), na kwenye hezi 50 zetu hupata joto zaidi. Si sababu ya kuikataa, ila plaiwudi iliyoziba hewa yote nyuma ilikuwa ni kuiua.

Waya wa ardhi ulikuwa umekatwa, na kile kikapasita kidogo kinachounganisha waya wa ukutani na chasisi (bati linaloshika vifaa vya ndani) kilikuwa bado mahali pake. Waamerika wenyewe hukiita kapasita ya kifo. Chasisi ikipata umeme, unafika kwenye nyuzi za gitaa, kutoka nyuzi kwenye mikono yangu, kutoka bega langu kwa mwimbaji aliyegusa mikrofoni. Mzee alikitoa kabla ya kitu kingine chochote, akaweka waya wa nyaya tatu.

Halafu kapasita kubwa za kuchuja umeme. Muuzaji alituonyesha picha yake: za bluu, zinang'aa. Mzee alipitisha wembe kwenye ile bluu, ikatoka kama ganda la muhogo. Chini yake zilikuwa zilezile za zamani, zimevimba upande mmoja, na risasi ya kulehemu kwenye miguu yake haijawahi kuguswa tangu kiwandani. Alizivalisha nguo mpya tu! Ndiyo maana ya ule mvumo. Ninyi wapiga gitaa mnaweza kuujua kwa sikio: kapasita za kuchuja zikikauka, umeme wetu wa hezi 50 unatoa mvumo wa hezi 100. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu; hiyo sol ni hezi 98, karibu kabisa na mvumo wenyewe. Mvumo ukiwa oktavu moja chini ya hapo, mara nyingi shida iko kwenye nyaya za kuwashia lampu au kwenye ardhi. Tena, ukishusha vifundo vyote vya sauti hadi sifuri na mvumo ukabaki palepale, usililaumu gitaa wala kebo. Mara nyingi ugonjwa uko mbele, kwenye umeme wenyewe.

Ule wekundu ulikuwa wa lampu mbili kati ya nne kubwa. Lampu hizo kubwa, za aina ya 6L6, zinahitaji volti hasi kwenye gridi (wavu mdogo ulio ndani yake) ili zisivute mkondo kupita kiasi. Mzee alisema kwenye mashine hii zinatakiwa ziwe karibu hasi 50. Akapima, akapata hasi 34. Kapasita ndogo ya sehemu hiyo, kitu cha bei ya soda, ilikuwa imekufa. Lampu zikikosa kizuizi hicho hujila zenyewe, na zikifa vibaya huenda na transfoma ya spika. Na hizo lampu ziliandikwa jina la RCA, kampuni ya zamani ya Marekani. Mzee alilowesha kidole, akasugua, herufi zikabaki kwenye kidole. Maandishi ya zamani nayo hufutika kirahisi, hilo mzee alinikumbusha, lakini chini ya herufi hizo palikuwa na maandishi mengine yaliyokwanguliwa.

Mwisho akageuza vifundo vya sauti, akanisomea namba iliyogongwa kwenye kimojawapo: 137, kisha 7532. Hiyo 137 ni namba ya CTS, kiwanda kilichotengeneza vifundo hivyo, 75 ni mwaka, 32 ni wiki. Vifundo vya 1975 haviwezi kuwa kwenye ampli ya 1965, labda vyote viwe vimebadilishwa, na hivi risasi yake ilikuwa ya kiwandani. Fender waliacha paneli nyeusi wakaingia kwenye ya rangi ya fedha mwishoni mwa miaka ya 60. Huyu bwana alichukua ampli ya fedha ya 1975, akaivalisha paneli nyeusi, akaongeza bei. Kinachoniuma ni kwamba ampli ya 1975 ni mashine nzuri. Angetuambia ukweli tungeinunua kwa bei yake na tungeshukuru.

"Mwana, walikuibia," mzee akaniambia, akazima taa ya meza.

Nilipompigia muuzaji hakukataa. Hapa ndipo pa hatari ya pili, msikilize vizuri. Alisema: leta, fundi wangu atarekebisha bure. Bendi moja ya Kampemba ilipeleka yao. Ilirudi baada ya wiki tatu, inalia, lakini haina uzito ule. Walikuwa na picha za ndani walizopiga zamani. Transfoma ya spika ya kwanza ilikuwa na namba inayoanza na 606, ambayo ni ya kiwanda cha Schumacher kilichowatengenezea Fender. Iliyorudi haina namba kabisa. Alichukua ya kweli, akaweka ya redio. Basi kabla hujaacha ampli kwa fundi yeyote, hata unayemwamini, piga picha namba za transfoma zote, za spika na za lampu.

Ukienda kununua kwake au kwa mwingine, nenda na mtu anayejua lampu, na ukute ampli ikiwa baridi. Ikiwa tayari ina moto, rudi kesho. Beba balbu ya zamani ya waya, ya wati 100, iliyofungwa kwa mfuatano na soketi. Ya LED haifai. Chomeka ampli kupitia balbu hiyo. Ikiwaka kwa nguvu kidogo halafu ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kabisa na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Fundi akichomoa lampu zote na balbu bado inawaka vilevile, ujue ni transfoma, diodi au kapasita, na hiyo si bei ya mazungumzo tena. Usiiwashe ikiwa spika hazijaunganishwa.

Ikipita hapo, ipige moja kwa moja kwenye umeme wake halali kwa saa nzima, kwa sauti ya kazi, ndani ya chumba chenye giza, nyuma iko wazi. Uzi wa rangi ya chungwa ndani ya lampu ni wa kawaida. Mwanga wa buluu kwenye kioo usikuogopeshe. Ila lile bati la kijivu lililozunguka uzi likianza kuwa jekundu, zima. Angalia pia ile rangi ya fedha juu ya kioo: ikiwa imegeuka nyeupe, hewa imeingia, lampu imekufa. Lampu ndogo zigonge taratibu kwa penseli. Ikilia kama kengele kwenye spika, imechoka, lakini hiyo ni lampu moja tu ya kubadilisha.

Yetu imepona. Mzee alitoza dola 190 pamoja na vipuri, tukanunua transfoma ya wati 500 ya kushusha, plaiwudi tukaitupa. Jumla tumetoa zaidi ya dola 1,000 kwa ampli ambayo korali isingeinunua kwa hata 600. Muuzaji hapokei tena simu yangu.

Lakini Jumatatu ameweka picha mpya: Deluxe Reverb, aina nyingine ya Fender, "ya 64, urithi wa mzee", yenye paneli nyeusi inayong'aa kuliko kitambaa cha spika kilichopauka. Nyuma kuna plaiwudi mpya. Nimehesabu skrubu kwenye picha, ni sita. Anayemfahamu mtu aliyekwisha kutoa arbuni amwambie leo asimalizie pesa mpaka skrubu hizo zifunguliwe mbele yake, na kama ameshaichukua, achomoe waya ukutani sasa hivi na asimruhusu mtu yeyote kuimba karibu nayo mpaka fundi aione.