Swichi nyekundu au za buluu? Kibodi ya kufanyia kazi Lamu

Kwa anayechapa kutwa, barua za watu, fomu, tafsiri, swichi, yaani vifaa vidogo vilivyo chini ya kila kitufe cha kibodi, zinazotajwa sana ni za Cherry MX, za kampuni ya Cherry, na mabishano huwa kati ya mbili: nyekundu na buluu.

Nyekundu hushuka moja kwa moja, bila kukwama wala kutoa mlio wake. Inataka nguvu ya takriban gramu 45, na herufi huingia kidole kikifika milimita 2, nusu ya safari nzima ya milimita 4. Vidole havichoki. Ila aliyezoea kulaza vidole juu ya vitufe ataona herufi asizozitaka.

Buluu ni nzito zaidi, takriban gramu 60. Ndani yake mna kipande kidogo cha plastiki kinachoruka na kulia "ta!" herufi inapoingia. Kidole kimejua, sikio limejua, huna haja ya kugandamiza hadi chini. Kwa anayejifunza kuchapa bila makosa, mimi naipendelea hii. Lakini nyumba za Mji wa Kale zimebanana, madirisha huachwa wazi kwa joto, na vichochoroni hakuna magari ya kufunika mlio. Usiku, jirani atakusikia kila neno.

Basi nyumbani weka nyekundu. Dukani, mtaa wa Langoni, penye wapita njia na punda, buluu haimsumbui mtu.

Vyovyote, tafuta kibodi ambayo swichi zake huchomolewa bila kulehemu. Hewa ya chumvi hula vyuma, na swichi moja ikianza kukataa, utabadilisha hiyo tu.