Kifaa cha ELM327: Je, Kinajua Kilomita za Kweli za Gari?

Karibuni watazamaji. Mkononi nina ELM327, kile kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani halafu unasoma taarifa za kompyuta ya gari kwenye simu. Wengi mmeniuliza kama kitawaonyesha kilomita za kweli kabla hamjalipia gari kwenye bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, pale Nakawa, Kampala. Moja kwa moja, hapana. Ila kuna mstari mmoja ndani yake ambao kwangu unatosha kukinunua.

Tazameni Toyota Premio hii ya 2012. Mita ya kilomita inasoma 48,300. Nafungua swichi, siwashi injini. Naingia kwenye programu, natafuta umbali tangu kodi za hitilafu zifutwe, yaani zile alama za makosa ambazo kompyuta ya gari huhifadhi. Mnaona? 61,900! Gari limewezaje kutembea zaidi tangu kodi zifutwe kuliko tangu litoke kiwandani? Hesabu hii inakaa kwenye kompyuta ya injini, kwa hiyo ukibadilisha mita, hesabu hii haiguswi. Lakini inaishia 65,535, na fundi akifuta kodi inarudi sifuri, basi ukikuta namba ndogo usishangilie. Halafu baadhi ya magari ya zamani ya Japani hayasomeki nacho kabisa.

Kaka mwenye gari yuko hapa, na ametueleza vizuri. Mita ya kwanza ilikufa ikisoma 112,000. Fundi wa Kisekka, soko la vipuri la Kampala, akamfungia nyingine iliyotumika, yenye 35,000. Pigeni hesabu, 48,300 toa 35,000, jumlisha 112,000: gari limetembea 125,300. Mita hufa, na kuibadilisha ni matengenezo kama mengine. Linaloniuma ni mtu kuuza gari kama hili kwa bei ya 48,300, mnunuzi akaja kushangaa giaboksi inapoanza kugoma.

Marekani, mita mpya isipoweza kuwekwa namba ya zamani, sheria inataka isomeke sifuri na karatasi ibandikwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto, ikionyesha namba ya awali na tarehe ya kubadilisha. Sisi tuyaandike hayo kwenye mkataba wa mauziano: mita ya zamani iliishia wapi, mpya ilianzia wapi, lini. Kaka amekubali kuandika.

Kwa gari lililoingia juzi, dai pia cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, kina kilomita za ukaguzi. Na chungulia mpira wa pedali ya breki. Huu wa Premio umelika hadi chuma kinaonekana.

Kifaa nakipendekeza. Kinunueni.