Casio zilizochezewa za Mwanjelwa: ipi ulipie, ipi uiache mezani

Pembeni ya soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, kuna fundi saa mwenye meza ya kioo iliyojaa Casio za namba. Nyingi zimechezewa: kioo kimegeuzwa cheusi, mwili umepakwa rangi, mkanda si wake. Kibao kinasema "Saa orijino za zamani". Hilo neno orijino limetwishwa mzigo mzito kuliko mabega yake. Hapa tunapima saa tatu za meza hiyo, pamoja na huduma yake ya betri.

Saa kuchezewa si dhambi. Wakusanyaji hubadilisha vitu kila siku na hakuna anayeitwa tapeli. Uchakachuaji unaanza pale muuzaji anaposema haijaguswa ilhali imeguswa, au anapotia mashine ya saa hii kwenye ganda la ile kisha akauza kwa jina la ganda. Kwa hiyo usimuulize kama ni orijino. Jibu ni ndiyo siku zote. Uliza hivi: "Fundi, humu ndani kipi kimebaki cha kiwandani?" Kwa haki yake, fundi huyu akiulizwa hivyo anasema kweli. Usipouliza, naye ananyamaza.

Ya kwanza ni F-91W yenye kioo kilichogeuzwa, namba nyeupe juu ya weusi, shilingi 45,000. Modeli hii ilitoka mwaka 1989 na hadi leo inatengenezwa, hivyo kuiita "ya zamani" bila ushahidi ni maneno ya sokoni tu. Jaribio linalojulikana ni kubonyeza kitufe cha chini kulia na kukishikilia sekunde tatu. Kioo kinaandika CASIo. Hii iliandika. Lakini usishangilie mapema: siku hizi zipo feki zinazoandika vilevile, na hata pale jaribio linaposema kweli, linaongelea mashine peke yake. Ganda, kioo na mfuniko havijathibitishwa.

Fungua nyuma. Skrubu ni nne, na bisibisi ya nyota iwe inaingia sawasawa, maana vichwa vyake huliwa haraka. Kwenye mfuniko, ndani ya kiboksi kidogo, pameandikwa 593, ambayo ni namba ya mashine. Namba hiyohiyo inatakiwa iwe kwenye mashine yenyewe. Kwenye saa hii zilikubaliana.

Kazi ya kugeuza kioo ndiyo inayotofautisha fundi na mbabaishaji. Juu ya kioo cha LCD kuna karatasi nyembamba ya plastiki inayochuja mwanga, polaraiza. Ukiibandua ile ya juu na kuweka nyingine iliyozungushwa nyuzi 90, palipokuwa peusi panakuwa peupe na peupe panakuwa peusi. Ni hilo tu, hakuna uchawi. Tabu iko kwenye kubandua: wembe unaingizwa kwenye kona ukiwa umelala, unasukumwa polepole, na gundi inayobaki inafutwa kwa spiriti kidogo kwenye pamba ya kijiti. Spiriti ikizidi inapenya pembeni. Wembe ukisimama, kioo kinameguka ukingo, na hapo namba moja inaweza kufa moja kwa moja.

Kwenye saa hii ukiitazama kwa kuilaza unaona karatasi imekatwa kwa mkono: ukingo wa kushoto umepinda kidogo, na chini ya nukta mbili za katikati pana chembe ya vumbi. Pembe ya karatasi lakini imekaa vizuri, kwa sababu weusi ni mzito pande zote. Ingekosewa hata kidogo, weusi ungekuwa kijivu kama moshi. Taa ndiyo inayolipia mapambo hayo. F-91W ina taa moja ndogo ya kijani upande wa kushoto, na hata ikiwa haijaguswa huwa hafifu upande wa pili. Baada ya kugeuzwa kioo, usiku unasoma saa kwa taabu na sekunde za kulia huzioni kabisa. Fundi yeyote akikuahidi kwamba mwanga utabaki uleule, mwachie saa yake.

Mwili ni wa kiwandani, mashine ni ya kiwandani, karatasi ni ya fundi. Kwa maelezo hayo, hii ni saa halali iliyorekebishwa. Bei ishuke kidogo kwa sababu ya vumbi na kwa sababu karatasi ya mwanzo haipo; ikishabanduliwa hujikunja, kuirudisha haiwezekani.

Ya pili ni A158WA ya "dhahabu". Hapa hatuna maneno mengi. A158WA ni toleo la rangi ya fedha, ganda lake ni plastiki iliyopakwa kromu, na hiyo dhahabu imepulizwa baadaye kwa kopo la rangi. Angalia mashimo ya vitufe: rangi imejikusanya kama uji uliokauka, na kitufe cha taa kinakwama kabla ya kurudi. Mkanda wa chuma umepulizwa ukiwa umefungwa, kwa hiyo kila kiungo kikikunjwa fedha inachungulia. Rangi haivuliwi bila kuondoka na kromu. Isitoshe, alamu hailii. Sababu tuliipata baada ya kufungua: kuna springi ndogo sana, nyembamba kuliko ya kalamu, inayosimama kwenye mashine na kugusa kipaza sauti kilicho kwenye mfuniko. Haipo. Huruka mtu anapofungua saa bila kuilaza kifudifudi juu ya kitambaa, na ikishaanguka kwenye sakafu ya soko ndiyo imekwenda.

Ya tatu ndiyo ya kukimbia: G-Shock, Casio ya kuhimili mishtuko, inayouzwa kama DW-5600C "ya mwaka 1987", kwa 180,000. Kweli DW-5600C ilitoka mwaka 1987. Ila mfuniko wa C ni wa chuma unaozungushwa kama kifuniko cha chupa, una vijino vya kushikia ufunguo. Huu wa mezani umeshikwa na skrubu nne, kama wa DW-5600E iliyokuja katikati ya miaka ya 1990. Bonyeza taa: C ina kitaa cha balbu kinachoangaza kona, hii inawaka uso mzima kwa buluu ya kijani. Namba ya mashine ni 1545, ya E. Kwenye C ungetarajia 691 au 901. Kilichofanyika ni kuvisha saa ya E ganda la juu lililozeeka. Hata huko kuzeeka kusikudanganye. Resini, yaani plastiki ya ganda la G-Shock, hupasuka na kumegeka kwa unyevu na miaka, na wakusanyaji wanakubali ganda jipya bila kinyongo iwapo mashine na mfuniko ni vya saa yenyewe. Hapa kinyume chake: ganda ni zee, saa ni nyingine. Fundi alipoonyeshwa namba alisema aliinunua hivyo kwenye mitumba. Inawezekana. Lebo ya 1987 hata hivyo ameiandika yeye.

Betri anabadilisha kwa 5,000, na mkono wake hapa ni mzuri. Anatumia CR2016, yenye unene wa milimita 1.6, ambayo ndiyo ya F-91W na A158WA. Mafundi wa haraka husukuma CR2025 kwa kuwa ndiyo iliyopo mfukoni. Hiyo ni milimita 2.5, mfuniko unabenuka, oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, haikai kwenye mfereji wake, na mvua ya kwanza inaingia. Akishaweka betri anachukua kibano, anagusanisha tundu lililoandikwa AC na upande chanya wa betri kwa sekunde mbili ili mashine ianze upya. Hatua hiyo ikirukwa, saa inaweza kuwaka na namba za ajabu au ikagoma kabisa, na mteja akaambiwa mashine imekufa. Skrubu anakaza kwa kupishana pembe, si kwa kuzunguka.

Kuhusu majira, F-91W inaruhusiwa kukosea sekunde 30 kwa mwezi, kwenda mbele au kurudi nyuma. Ilinganishe na simu kwa wiki moja. Ikizidi sekunde saba au nane, irudishe.

Asichofanya ni kubadilisha oringi wala kuipaka grisi ya silikoni, hadi umwambie, na anaongeza 2,000. Mwambie. Saa iliyofungwa siku ya mvua Tukuyu hubeba unyevu ndani, na asubuhi ya baridi Njombe au Makambako kioo kinatoka ukungu kwa ndani. Ikitokea, ifunguliwe, ilale usiku mzima kwenye kopo lenye pakiti za kukaushia zile za kwenye maboksi ya viatu, kisha ifungwe kwa oringi mpya. Dhamana yake ni siku 30 kwa betri. Kwa maji hatoi dhamana yoyote, na kwa saa zilizokwisha kufunguliwa mara tatu au nne, hapo tunamuunga mkono.